Mujane wa Kamioneti

Butembo, tarehe 9 mwezi wa kwanza 1965

Fundi Melchior, garaji ya Patron Zorobabel, Beni,

Salamu sana. Mimi ni Hadidja, bibi ya Asumani dereva. Unanijua. Siku ile Muzee wangu alipokutoa Lubero na kamioneti yake, ukiwa na kasha moja ya mbao na homa, ulilala kwetu siku tatu ukinywa uji wangu, kisha akakufikisha Beni kutafuta kazi. Leo ni zamu yangu ya kuomba.

Jumaine, yule mwenye kuuza chumvi, alitoka Beni juzi. Anasema kamioneti yetu iko kule, nyuma ya bureau ya zamani ya serikali, imekaa mu majani na kuku wanatagia ndani. Aliijua kwa mulango wa bluu na kwa neno SUBIRA ambalo Muzee aliandika juu ya kioo. Gari iko. Mwenyewe hayuko.

Unajua namna alivyokwenda. Barebele, wale waasi, walipokuwa bado wameshika Butembo, balikuja asubuhi kuchukua gari, bakamwambia dereva naye ni sehemu ya gari, kama usukani. Akaacha chai yake juu ya meza. Toka siku ile hakuna barua, hakuna mutu wa kusema nilimuona. Basoda ba serikali bamerudi, barebele bamekimbilia pori, na kila mutu aliyechukuliwa amerudi ao amekwisha kuliliwa. Mimi peke yangu niko katikati.

Kasimu, kaka mukubwa wa Muzee, anasema nikae eda. Kwetu Waislamu mwanamuke aliyefiwa anakaa ndani miezi ine na siku kumi, bila kutembea, bila kujipamba, ndipo anaweza kuolewa tena. Na Kasimu amekwisha kusema nani atanioa: yeye. Gari pia ataioa. Nimemujibu kwamba eda inataka maiti, ao mutu wa kuniambia mahali na siku. Mahali na siku, Fundi. Bila hivi viwili mimi ni bibi ya mutu aliye safarini.

Donc, basi, ninakuomba mambo mawili. Tengeneza gari uilete, juu Kasimu akiifikia mbele yako sitaiona tena. Na njiani uulize habari ya Muzee.

Ni mwezi wa mufungo, ninaandika na tumbo tupu. Usiangalie makosa.

Hadidja, bibi ya Asumani


Beni, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1965

Mama Hadidja,

Barua yako nimepata. Mimi nilisoma mpaka darasa ya ine kwa mapadri, kisha baba akakufa, donc uvumilie mwandiko.

Patron Zorobabel ameniambia saa ya chakula ni yangu, niitumie namna ninataka. Basi sili, ninatengeneza. Hapa ni kamio za basoda toka jua linatoka mpaka linaingia. Mikono yangu haitoke mafuta hata siku ya Mungu. Miaka mitatu sijaona Lubero, na mama yangu ananitumia salamu kwa batu wenye sibajue. Nimechoka, Mama, ninasema kweli. Mais, lakini, kwa gari ya Asumani sikuweza kusema hapana. Mu gari hii ndimo nilijifunza kusikiliza moteri. Aliniambia nifunge macho, nimwambie ni wapi inaumwa.

Nimeivuta na kamba mpaka garaji. Matairi inafaa. Moteri inawaka, mais inapanda moto mbio, dakika kumi tu mushale ya kupima moto iko mu nyekundu. Nikaangalia radiatere, ile kasha ya mbele yenye kupozesha maji. Haina kifuniko. Mahali pa kifuniko balisokomeza kipande cha mugomba, kimekauka sawa kamba. Nikafungulia maji kwa chini. Ilitoka rangi ya chai nzito, na ndani yake majani, mizizi, magome ya miti, ndoo nzima.

Nikafahamu. Barebele balikuwa na munganga wao mwenye kubamwangia maji ya dawa, eti risasi ikibafikia itageuka maji. Na gari nayo balitaka risasi isiipenye, bakainywesha dawa ileile. Majani ikaziba mishipa ya radiatere. Gari ikikosa maji safi inajipika yenyewe.

Nimeiosha mara tatu. Mara ya tatu maji ilitoka safi ya kunywa, nikafurahi. Kisha jani moja likatoka nyuma, peke yake. Bichi. Kijani, sawa limechumwa asubuhi ileile. Gari imekaa pale nyuma ya bureau miezi. Niliweka jani juu ya dirisha, nikakula maharagi yangu nikiliangalia, kisha nikalitupa mu moto.

Kifuniko cha radiatere kiko kwako? Bila kifuniko cha kweli maji inachemka haraka. Kwa sasa nimechonga cha muti.

Juu ya Muzee Asumani, nimeuliza sokoni na ku barrière, pale basoda banafunga barabara. Hakuna mwenye kujua. Nitauliza tena njiani. Basoda bamenipa karatasi ya kupita tarehe 25. Ungoje muchana.

Melchior


Maboya, tarehe 25 mwezi wa kwanza 1965

Mama Hadidja,

Ninaandika juu ya goti, mutu wa kinga, wa baisikeli, ananingoja abebe barua. Muzee amekufa. Amekufa hapa Maboya, kwa jiwe kubwa, karibu na kijito, saa ine ya asubuhi. Toka mulima ulipoanza alikuwa anaomba maji, na hapakuwa namna ya kusimama. Alipofika kwa jiwe akakohoa mara mbili, akanyamaza. Tulimusukuma pembeni ya barabara, tukamufunika na majani ya migomba. Mama moja wa hapa alileta maji, mais alikuwa amechelewa. Kesho nitamufungua kifua nione ni nini. Usivunjike roho.

Melchior


Butembo, tarehe 27 mwezi wa kwanza 1965

Fundi Melchior,

Barua yako ilinikuta ninachambua muchele. Niliisoma nikisimama, kisha nikakaa.

Sisi ni wa Mungu na kwake tunarudi. Nakushukuru kuniambia bila kuzunguka. Nakushukuru kumufunika. Na yule mama wa maji, hata kama alichelewa, umwambie nimemushika mu dua. Mukristo ao Mwislamu, aliyeleta maji hasahauliki.

Nimeisoma barua mbele ya Kasimu na mbele ya Mwalimu wa musikiti. Mahali ni Maboya, siku ni tarehe 25. Kasimu alilia kwa sauti, kisha akauliza kama gari inatembea. Wamesoma hitima, wamekula wali. Nimevua bangili, nimekata nywele, nimeingia ndani. Ninahesabu kutoka tarehe 25.

Jambo moja tu. Umeandika kwamba utamufungua kifua. Fundi, kwa jina la mama aliyekuzaa, usimufungue. Kama ni risasi, iache mahali pake. Muzike haraka, alale ubavu wa kuume, uso kwa kibla. Uliza Mwislamu yeyote atakuonyesha.

Alikuwa mutu wa kiu. Kila safari alisimama Maboya, anywe, na gari inywe. Kusoma kwamba aliomba maji na hapakuwa namna ya kusimama, hilo ndilo limenitoboa.

Hadidja, mujane wa Asumani


Beni, tarehe 31 mwezi wa kwanza 1965

Mama Hadidja,

Kaa chini mbele ya kusoma. Hakuna mutu amekufa.

Ni kamioneti. Mu garaji yetu gari ya zamani haina jina lingine, ni Muzee. Tunasema Muzee amekunywa, Muzee amekohoa, Muzee amekufa, kesho anafufuka. Kifua ni moteri. Nilifunika gari na migomba juu jua ilikuwa kali. Ninaongea na vyuma kuliko na batu, miaka mitatu, nikasahau kwamba Butembo kuko mwanamuke mwenye Muzee wa damu.

Nilisoma barua yako nikiwa na Malachie, mwenzangu wa kazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona uso yangu, akaniletea kiti.

Unisamehe. Ukitaka nitakuja na miguu kumwambia Kasimu na Mwalimu ni kosa langu. Basoda ndio hawanipi karatasi bila gari.

Basoda balitukokota na kamio yao kurudi Beni. Nimefungua moteri. Joint, lile bati jembamba lenye kukaa kati ya moteri na kichwa chake, ilikuwa imeungua. Nimeweka mupya. Pompe ya maji ni nzuri. Mukaba wa feni nimeukaza. Sasa gari haina sababu yoyote ya kuchemka.

Mais kuko kitu kinanisumbua, na mimi si mutu wa kusumbuka bure. Kwa kawaida ninaandika polepole, ninafuta, ninaandika tena. Ile karatasi ya Maboya sikufuta neno hata moja. Ilitoka mbio, sawa mutu ananisomea.

Melchior


Butembo, tarehe 6 mwezi wa pili 1965

Fundi Melchior,

Barua yako ilifika mu musiba. Nilicheka mbele ya wanawake waliokuja kunililia, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka wakaleta maji wakidhani nimepotewa na akili. Kisha nikalia kwa mara ya kwanza. Wakati wa kifo sikuwa nimelia.

Mwalimu aliisoma barua mara mbili. Akasema eda inasimama juu ya kifo, haisimami juu ya karatasi, nitoke ndani, nivae bangili, tusubiri. Kasimu alikataa. Alisema habari hii imekwisha kuliwa na wali, haiwezi kutapikwa.

Sasa ninapita sokoni na nywele fupi. Sofia, bibi ya kwanza ya Kasimu, alikuwa na vikapu vyake vya vitunguu. Akasema kwa sauti, soko lote lisikie:

“Mupisheni mujane wa kamioneti. Amekata nywele juu ya chuma.”

Hata watoto bamelishika. Mujane wa kamioneti, umezikia wapi matairi? Siku ya Idi nilisali na jina hilo mugongoni.

Sikukasirikii. Mais hapana tena kuita gari Muzee. Gari ni gari. Muzee ni mumoja.

Ninaisoma tena ile karatasi ya Maboya. Unasema ni habari ya chuma. Basi kwa nini kila neno ni lake? Ni yeye mwenye kusimama kwa lile jiwe. Ni yeye mwenye kukohoa mara mbili akitaka kusema jambo zito. Fundi, mimi nimelala pembeni yake miaka kumi na mbili, ninajua sauti yake hata ikiandikwa na mukono wa mwingine.

Lete gari. Kasimu amekwisha kutafuta dereva wa kwenda kuichukua.

Hadidja, bibi ya Asumani


Beni, tarehe 16 mwezi wa pili 1965

Mama Hadidja,

Nimejaribu mara mbili, na gari ingali Beni. Nitakuambia namna ilikuwa, bila kuongeza chumvi.

Tarehe 9 tulitoka asubuhi, mimi na Malachie, mu mvua na baridi. Gari tupu, joint mupya, maji safi. Mushale ilikaa katikati safari yote, nikaanza hata kuimba. Tulipofika kwa jiwe ya Maboya mvuke ikapanda mpaka sikuona barabara. Nikaruka chini, nikaweka mukono juu ya radiatere, nikingoja kuungua.

Ilikuwa baridi, Mama. Baridi sawa jiwe ya mu kijito. Na mvuke ilikuwa ingali inatoka.

Nikatoa kile kifuniko cha muti, nikamimina maji. Radiatere ya namna ile inashika ndoo moja. Ilikunywa tatu. Niliangalia chini ya gari, hapakuwa hata tone. Malachie alihesabu ndoo pamoja nami na sasa hapendi kuzitaja. Moteri ikakataa kuwaka. Tulipoigeuza uso kwa Beni, ikawaka mara moja.

Tarehe 13 nikasema nitaidanganya. Kwa juu ya mulima nilizima moteri, tukateremka bila moto wowote, gari inajiendea yenyewe, hata ndege unawasikia. Moteri imezimwa haiwezi kuchemka. Hiyo ni sheria, si maneno ya batu. Kwa jiwe, mvuke. Malachie akashuka, akavaa viatu vyake, akasema yeye anatengeneza kila kitu chenye kuharibika, mais hii haikuharibika. Akarudi Beni na miguu.

Sasa sikia juu ya yule mama wa maji. Anaitwa Emérence, muzee sana, nyumba yake iko pale kwa kijito. Siku ile ya kwanza, ya tarehe 25, aliniuliza: “Mwenye gari hii iko wapi?” Nikasema hatujue. Akachukua ndoo yake, akaingia, akafunga mulango.

Tarehe 9 nilimukuta amekwisha kusimama ku barabara na ndoo, mbele hata mvuke haijatoka. Nikamuamukia kwa Kinande, nikamwita mukaka, ni kusema nyanya, nikamuuliza alijua namna gani tunakuja.

“Gari hii inasimama hapa siku zote,” akasema. “Ni ninyi ndio munapita.”

Tarehe 13 alikaribia, akaangalia kile kifuniko nilichonga, akakigusa na kidole. Akasema: “Hiki si chake.” Nikauliza chake kiko wapi. Akasema mutu mwenye kusema sana pembeni ya barabara anazikwa pembeni ya barabara. Akaingia.

Siwezi kumulazimisha. Basoda wakipita wanauliza nani alipokea barebele, barebele wakipita waliuliza nani alipokea basoda. Mutu wa pale anaishi juu ya kunyamaza.

Hukunijibu juu ya kifuniko. Angalia nyumbani tena. Na uniambie tarehe balimuchukua Asumani.

Mimi ni mutu wa misa na wa spana. Sitaki kusema neno ninalofikiri.

Melchior


Butembo, tarehe 20 mwezi wa pili 1965

Fundi Melchior,

Balimuchukua siku ya Ijumaa, tarehe 30 ya mwezi wa kumi, asubuhi. Hakuifikia sala ya Ijumaa. Niligusa kikombe chake walipokwisha kutoka, chai ilikuwa ingali moto.

Kifuniko hakiko hapa. Nimepindua nyumba, nimepindua hata gunia la maharagi. Alikuwa na tabia ya kukitoa akitia maji, kisha anakisahau juu ya jiwe, anarudi kilomita kumi kukitafuta. Nikachoka. Nikakifunga mimi mwenyewe na kamba ya ngozi ya mbuzi, mafundo matatu, na kamba nikaifunga ku gari. Fundo la kwanza la Nasiba, muzaliwa wetu wa kwanza, mawili ya wadogo zake. Nilimwambia: sasa ukikisahau, umesahau watoto.

Mafundo hayo hayajulikani na mutu. Ni mimi na Muzee. Mwambie yule mama. Mwambie hakuna musoda anayeuliza, hakuna Kasimu anayeuliza. Anauliza mwanamuke aliyefunga mafundo matatu.

Na wewe useme neno unalofikiri. Mimi nimekwisha kulifikiri.

Hadidja


Maboya, tarehe 2 mwezi wa tatu 1965

Mama Hadidja,

Leo ninaandika polepole.

Nilifika hapa peke yangu. Gari ilisimama kwa jiwe, namna yake. Sikuigusa. Nikaenda kwa mulango ya Emérence, nikakaa chini, nikamuambia kamba ya mbuzi, mafundo matatu, moja ya Nasiba na mawili ya wadogo. Aliingia ndani, nikasikia anafungua kasha. Akarudi na kitambaa, akakifungua juu ya magoti.

Ni kifuniko, Mama. Cha shaba. Kamba imekatika, mais mafundo ni matatu.

Akaniuliza kama mwanamuke mwenyewe anajua kusoma. Nikasema anajua kunishinda. Akasema basi uandike yote, mara moja, juu sitasema mara ya pili.

Alisema Asumani alikuwa akisimama hapa toka miaka. Anakunywa maji yake, anajaza gari, anasali pale nyuma ya jiwe, anaacha chumvi kidogo ku mulango, anakwenda. Siku mbili mbele ya Watakatifu Wote akaja na barebele wengi mu gari na munganga wao, yule mwenye maji ya dawa. Gari ilikuwa inatoa moshi toka chini ya mulima. Alikuwa anabaomba asimame atie maji, na balimukatalia, juu munganga alisema maji ya kijito ikiingia dawa itakufa, na risasi itabapata bote. Kwa jiwe gari ikazimika yenyewe. Ilikuwa saa ine, kengele ya misioni ilikuwa imelia.

Asumani akashuka. Akafungua kifuniko, akakivuta mpaka kamba ikakatika, akageuka kukimbia ku kijito na bidoni kukinga maji, mais balimuzuia ku barabara. Emérence alikuwa na ndoo yake, akaanza kupanda amusaidie. Akamusikia anakohoa mara mbili, namna yake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, sawa mutu anaeleza mutoto:

“Ndugu zangu, gari haijui dawa. Inajua maji.”

Munganga akasema huyu anataka kutuua. Ilikuwa mukuki moja. Balimusukuma pembeni ya barabara. Bakangoja moteri ipoe, bakakata kipande cha mugomba bakaziba, bakaenda Beni na dereva mwingine. Emérence alifika na maji, na alikuwa amechelewa. Akamufunika na majani ya migomba mpaka barabara ilipokuwa tupu.

Mama, rudia kusoma ile karatasi yangu ya tarehe 25. Mimi nimeirudia mu kichwa. Sikuongopa neno, na sikujua neno.

Alimuzika yeye na binti yake, nyuma ya jiwe. Uliandika kwamba alazwe uso kwa kibla. Nikamuuliza, na Emérence hajui kibla ni nini. Akasema: “Nilimuangalia akisali miaka mingi. Nimemugeuza pale alipokuwa anaangalia.” Nilienda kuona. Kuko mawe yamepangwa vizuri, na majani hayaoti juu yake.

Kifuniko alikitoa mu mukono wake. Kilikuwa kimeshikwa sana. Alikificha juu mutu mwenye kitu cha gari ya barebele anaitwa murebele. Kimekaa mu kasha, chini ya nguo, miezi ine. Aliponipa kilikuwa na moto, sawa kimetoka ku moteri sasa hivi. Yeye pia alisikia, akanifungia mukono juu yake, akasema wasingya. Sijui alikuwa anamushukuru nani.

Nilikifunga ku radiatere. Kiliingia na sauti ndogo, tak. Nikaweka mukono juu ya bati. Baridi ilikuwa imetoka. Ilikuwa na joto ya kawaida, ile ya mutu muzima. Nikawasha. Ilishika mara ya kwanza. Niliipandisha mulima wote mpaka juu, nikageuka, nikarudi kwa jiwe. Mushale haikucheza.

Niko hapa kwa Emérence, ninangoja neno lako. Siwezi kuleta gari kwako sawa muzigo. Gari hii ilikataa kupita mpaka mutu aulize, na mimi nilikuwa ninamubadilishia joint.

Melchior


Butembo, tarehe 3 mwezi wa tatu 1965

Fundi Melchior,

Nimepata. Nimesoma peke yangu, kisha nikaita Mwalimu na Kasimu, nikawasomea.

Mahali na siku. Umenipa vyote viwili.

Kasimu alisema basi nianze leo, miezi ine mizima, na niikae kwake, ili eda ikiisha niwe nimekwisha kufika. Mwalimu alimunyamazisha. Alisema eda inahesabiwa toka mutu alipokufa, haihesabiwi toka habari ilipofika. Akahesabu miezi ya Kiislamu kwa vidole, toka Ijumaa ile. Zimebaki siku ine. Tena akasema mbele yake kwamba gari ina warithi, na warithi ni watoto. Kasimu alitoka bila kuchukua kofia yake. Sofia alikuja kuifuata. Aliniona na nguo nyeupe, akashindwa kuniangalia, akaniachia kikapu cha vitunguu ku mulango.

Siku ine, Fundi. Zile zingine zote nilikwisha kuzikaa. Niliuza sokoni ndani ya eda. Nilicheka musibani ndani ya eda. Nilipokuwa ninagusa kile kikombe chake, na chai ingali moto, njia ya Maboya si ndefu, kumbe nilikuwa nimekwisha kuanza eda.

Nitazikaa hizi kwa nyumba yangu. Jumapili jua likiingia nitatoka, na atakayetaka kuniuliza neno ataniuliza mimi. Nitakuja Maboya baadaye na watoto. Mwambie Mama Emérence nitaleta chumvi.

Wewe ukimaliza hapa, panda Lubero, mama yako akuone. Patron Zorobabel atangoja. Chuma kinangoja.

Kifuniko ukifunge na kamba mupya, usiyafungue mafundo. Na mbele ya kuwasha, mimina maji kidogo pale nyuma ya jiwe, kisha uijaze gari.

Nilikukataza neno moja, leo ninakurudishia. Jumatatu, lete Muzee nyumbani.

Hadidja, mujane wa Asumani